Jiwe Alilolificha Baba

Kila Jumamosi asubuhi, binti alifuatana na baba yake kazini. Baba alikuwa mpimaji wa anga katika kituo cha darubini. Aliweka kwenye kompyuta picha za anga za siku mbili tofauti, na binti akatafuta nukta iliyohama. Nukta hiyo huenda ikawa asteroidi, jiwe kubwa linalozunguka jua. Macho yake yalikuwa makali, ndiyo maana baba alimwita Profesa.

"Likitaka kutugonga tutafanyaje?" binti aliuliza siku moja.

"Tukiliona miaka kumi kabla, tunatuma chombo cha angani kiligonge. Mwendo wa jiwe unabadilika kidogo tu, kama hatua ya konokono. Kidogo hicho, kwa miaka kumi, kinalipitisha mbali nasi. Tukichelewa, Profesa, hata tulie machozi ya damu, halisukumiki."

Baba alipoinama, binti aliona uvimbe shingoni mwake, kama punje ya hindi.

"Hauumi," baba alisema. "Usimwambie mama, atanisumbua bure."

Profesa akanyamaza. Kusema kweli, alifurahi kuaminiwa siri na baba.

Baada ya miezi minane uvimbe ulikuwa kama limau, na baba hakuweza tena kuuficha chini ya kola. Daktari aliupima, akatikisa kichwa. "Mngekuja mapema." Baba alizikwa kabla muhula haujaisha.

Jumamosi moja baada ya msiba, mama alimkuta Profesa ameshika kitambulisho cha kazi cha baba.

"Mama, mimi niliuona mapema," alisema huku akilia. "Niliuona, nikanyamaza!"

Mama alimkumbatia kwa muda mrefu.

"Si kosa lako, mwanangu. Mtu mzima alikuwa yeye. Mganga hajigangi. Baba yako aliyaona mawe ya mbali, lile la shingoni mwake akaliacha. Nimemkasirikia, na bado namlilia." Akajifuta machozi. "Lakini siri ya ugonjwa haitunzwi. Iseme ingali ndogo, hata mwenyewe akinuna."

Profesa akagusa sikio lake.

"Basi, mama... sikio langu linatoa usaha. Wiki ya pili sasa. Sikutaka kukuongezea uchungu."

"Vaa viatu," mama alisema, naye tayari anatafuta vyake.

Kwenye zahanati, tabibu alilichungulia sikio kwa kurunzi. "Mmewahi. Dawa ya siku saba, litapona."

Mama akaangua kilio palepale, mbele ya wagonjwa wote. Kisha akamshika binti yake mkono.

"Twende nyumbani, Profesa," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo kabla ya siku ile.