Nyumba ya Mtu Mmoja

Stendi ya mabasi ya Columbus, Marekani, ilifurika watu. Kilibaki kiti kimoja tu, nacho kilikuwa na begi la dada mmoja aliyevaa koti jekundu juu ya gauni la kitenge.

"Dada, begi nalo limekata tiketi?" Nestori aliuliza.

"Imechoka kukupita weye." Akalishusha huku akicheka. "Bon, kaa."

Aliitwa Kavugho, Mkongo wa Butembo, akitoka Buffalo kwenda kuanza kazi ya kutunza wazee Louisville. Nestori, Mrundi aliyelelewa kambini Tanzania, alikuwa anarudi huko huko Louisville, kwenye kazi yake ya ghala.

Mwaka haukuisha wakawa wachumba. Kila Jumapili baada ya ibada walizunguka miji midogo wakitafuta nyumba ambayo serikali ingedhamini mkopo wake, kwa kuwa mikopo hiyo haitolewi mjini. Ramani ya mikopo hiyo kwenye simu iliweza kukubali nyumba ya upande huu wa barabara na kuikataa ya ng'ambo. Hatimaye walipata moja nyeupe, yenye veranda.

"Chéri, hapa nitapanda maharagi."

"Na mimi?"

"Weye utamwangilia maji. Kazi ya wavivu."

Alhamisi moja mchana, Kavugho alimpelekea Nestori sombe, kisamvu cha kwao, chumbani kwake, mtaa wa Iroquois. Mlango ulikuwa wazi. Nestori alikuwa akiongea na mama mmoja wa ofisi ya mikopo, simu ikiwa kwenye spika.

"Watu wazima wangapi wataishi humo?"

"Mimi tu."

"Huna mchumba?"

"Hapana. Sina mtu."

Nestori alijua kwamba kipato cha kila mtu mzima wa nyumba huhesabiwa, na kwamba wakijumlisha cha Kavugho wangepita kiwango cha kipato kinachoruhusiwa. Alipogeuka, Kavugho alikuwa anaweka sufuria chini, taratibu.

"Kumbe miye si mtu," alisema. Kesho yake akarudi Buffalo, kwa dada yake Précieuse, mtaa wa Black Rock. Simu za Nestori hakuzipokea.

Wiki tatu baadaye kanisani walitangaza kwamba ndugu Nestori amekubaliwa mkopo. Vigelegele vilipigwa. Yeye alitazama viatu vyake, uso ukimwaka, na kila aliyempa mkono wa pongezi alizidi kumuumiza.

Jumatatu alimpigia simu mama wa mikopo. "Mama, nilidanganya. Nina mchumba."

"Basi mkopo huu siwezi kukupa."

"Najua."

Jumamosi aliendesha gari kwa muda wa saa nane hadi Buffalo. Kavugho alifungua mlango akiwa bado na sare ya kazi yake mpya.

"Na ile nyumba?"

"Imekwenda. Nimewaambia ukweli."

"Ulinikana sababu ya veranda, Nestori?"

"Ndiyo." Hakuthubutu kuinua macho.

Précieuse akatokea nyuma. "Huyu ni nani?"

"Muambie weye mwenyewe," Kavugho alimwambia.

Nestori akaeleza yote pale pale mlangoni, majirani wakisikia, bila kujitetea. "Nimekuja kumwomba awe mke wangu, kama bado anaweza kunitazama."

Précieuse alimgeukia mdogo wake. "Na weye unasema nini?"

Kavugho alijifuta macho kwa mkono wa sare.

"Nitaolewa naye. Lakini leo alale kwa pasta wetu. Ningali na hasira."

Nestori aliitikia kwa kichwa, akauliza pasta anakaa mtaa gani.