Laini Moja, Nyumba Nane

Sherehe ya miaka mia moja ya mji mdogo wa wakulima wa Dunmire ilijaza ukumbi hadi watu wakala wamesimama. Doreen Hnatiuk, kwenye gauni la buluu alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo, alikuwa akigawa perogi, vifuko vya unga vyenye viazi ndani, zilizolowa siagi, mara sahani ikasogezwa mbele yake.

"Niongezee, mama. Nimetoka mbali."

Akainua macho. Lahaula! Lars Tollefson, mvi kichwa kizima, uchokozi uleule.

"Ulafi hujauacha tu, wewe!"

"Na wewe uchoyo."

Wakacheka. Doreen akamkabidhi jirani mwiko, wakatoka nje, kwenye matrekta ya gwaride yaliyovishwa maua ya karatasi.

"Nina swali la miaka arobaini," Lars akasema. "Nilikupigia kutoka mjini Kalgari, nikakwambia nataka kukuoa. Ukanijibu, 'Tunavuna sasa hivi, hatuna nafasi.' Kama unamfukuza mchuuzi! Kwa nini?"

"Jamani, Lars! Umesahau simu yetu? Laini moja, nyumba nane! Nilikuwa nawasikia majirani wanavyopumua, wanatusikiliza. Ningesema ndiyo, baba angeletewa habari kabla sijaweka mkono wa simu chini. Na unajua alivyowachukia watu wa kanisa lenu."

Lars akaketi kwenye ngazi ya trekta.

"Nilishazoea simu za mjini. Nikasahau kabisa."

"Nikakuandikia. Barua ikarudi."

"Nilikwenda kwenye visima vya mafuta wiki ileile. Nilitaka kuwa mbali nawe. Kwa hiyo ungekubali?"

"Sanduku langu la safari lilikuwa limeshafungwa, mpumbavu wewe. Nilikungoja miaka sita ndipo nikaolewa."

Machozi yakamlenga Lars. Simu ikalia mfukoni mwake.

"Ndiyo, mpenzi. Nakuja garini sasa hivi."

Doreen moyo ukamchoma. Mume wake alikuwa kaburini mwaka wa tatu, lakini huyu alikuwa na mke hai, anamngoja garini.

"Nenda, bwana. Usimchoshe mwenzio."

Lars akasimama, akapiga hatua mbili.

"Nilikupenda, Lars Tollefson!" Doreen akasema kwa sauti, katikati ya watu waliokuwa wakipita na sahani zao. "Nilikupenda mno."

Hakuna aliyegeuka. Lars akarudi, akamshika mikono yote miwili, akaibana, kisha akaiachia na kwenda kwa mkewe.