Mahindi ya Bi Verna

Wazazi wenzangu, hasa ninyi mnaofundisha watoto wenu kwenye meza ya jikoni kama mimi, kaeni kidogo mnisikilize. Nitayasema haya nikiwa na hasira, na hasira hiyo siiombei radhi. Yalitokea hapahapa kwetu Cape Cod, pwani ya Marekani, kuelekea Sikukuu ya Shukrani ya Novemba mwaka juzi, na mimi nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho.

Nyumba ya Corinne Hallett ilikuwa nyumba ya kutamaniwa. Ukifika asubuhi ya Novemba unapokelewa na harufu ya mdalasini. Jiko la kuni linawaka, bintiye Tabitha wa miaka tisa anasoma kwa sauti, na mdogo wake Ezra, wa miaka sita, amelala kifudifudi chini ya meza anachora meli. Tulikuwa familia tano tunaosomesha watoto nyumbani, na kila Jumanne tulimpelekea Corinne watoto wote awafundishe historia.

Lazima niwe mkweli, mwanamke yule ana kipaji. Hafundishi kwa kitabu peke yake. Watoto walitengeneza mishumaa kwa mikono yao, walishona kofia, walioka mkate kwenye majivu wakaula ukiwa nusu mbichi huku wanacheka. Mwanangu mimi, ambaye kitabu kilikuwa adui yake, siku ya Jumanne aliamka kabla sijamwita. Corinne alikuwa na msemo wake: mtoto akishashika kitu, hakisahau tena. Kumbe alisema kweli kuliko alivyojua.

Jumanne ya wiki moja kabla ya sikukuu alitupeleka kwenye kilima cha mchanga nyuma ya nyumba yake. Alikuwa ameamka alfajiri akafukia vikapu vitatu vya mahindi ya rangi rangi aliyoyanunua sokoni. Aliwavisha watoto kofia nyeusi kama za walowezi wa Kiingereza wa zamani, akawapa sepetu, akawaambia, "Ninyi ni Mahujaji. Mmetoka baharini, mna njaa, majira ya baridi yanakuja. Chimbeni muone."

Wakachimba. Kikapu cha kwanza kilipoonekana, kelele zao ungezisikia hadi barabarani. Corinne akawapigisha magoti mchangani, wakashukuru.

Tabitha ndiye aliyeinua kichwa kabla ya wenzake. "Mama, nani aliyazika?"

"Mungu aliwawekea."

"Lakini kikapu kimefumwa. Nani alikifuma?"

"Tabitha, shukuru kwanza. Kinachopatikana ni cha yule anayeshukuru. Maswali baadaye."

Hiyo baadaye haikuja. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale, kikombe cha kahawa mkononi, na jibu nilikuwa nalo. Sote tuliokulia hapa tunalo. Mwaka 1620, kabla hawajafika Plymouth walikojenga mji wao, Mahujaji walichimba mchanga wa huku kwetu wakakuta vikapu vya mahindi. Yalikuwa yamefukiwa na Wampanoag, watu wa nchi hii, na humo ilikuwamo mbegu yao ya msimu ujao. Wakayachukua. Waliandika wenyewe kwamba wakikutana na mwenye mali watamlipa. Yaani hata wao, pamoja na njaa yao, walijua kwamba yana mwenyewe. Corinne alilijua hilo, maana kitabu alinionyesha yeye. Ila alilifyeka, ili somo liwe tamu.

Nami nikanyamaza. Nilijiambia, mahali pa mtu, somo la mtu, niharibu sherehe ya watoto kwa ajili ya vikapu vya miaka mia nne?

Mwisho wa somo Corinne aliwapa kazi. Jumatano, siku moja kabla ya sikukuu, familia zote tungekula pamoja kwake mchana, na kila mtoto alete chakula alichokipata kama walivyopata Mahujaji. Si cha dukani. Atakayeleta cha maana zaidi angekaa kwenye kiti cha mbele.

Sasa nyuma ya msitu mdogo wa misonobari anakaa Bi Verna Coombs. Ni Wampanoag, ni mjane, na ni muuguzi wa zamu hospitalini. Siku ya Shukrani hapiki bata mzinga wa sikukuu kama sisi. Huenda Plymouth na wenzake kuomboleza watu na ardhi waliyopoteza, kisha hurudi akalala mapema. Corinne alikuwa jirani yake kwa miaka minane na hakuwahi kuingia kwake hata mara moja. Mwalimu wa historia, ndugu zangu, na historia inakaa nyuma ya misonobari yake, inaendesha gari dogo la bluu.

Bi Verna ana kibanda cha bustani. Ndani yake, kwenye kamba, alikuwa amening'iniza mahindi kumi na manne yakikauka, mekundu yaliyokolea, mengine meusi karibu kuwa bluu. Mlango hufungwa kwa kipande cha kijiti tu, maana kwetu nani anafunga kibanda kwa kufuli?

Jumatatu Tabitha na Ezra walipita msituni kutafuta chakula cha kupatikana, wakakiona kibanda, wakachomoa kijiti. Mwenyewe alikuwa kazini. Wakayafungua mahindi yote kwenye kamba. Halafu, na hili nililisikia baadaye kwa kinywa cha Ezra, wakapiga magoti sakafuni, wakashukuru.

Walipofika nyumbani mama yao alikuwa anakanda unga.

"Mama, tumeyapata," Tabitha akasema.

"Ee jamani, mazuri hayo. Mmeshukuru?"

"Tumeshukuru."

"Basi yawekeni pale."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi. Alimuuliza mtoto kama ameshukuru. Wapi, kwa nani, kwa idhini ya nani, hakuuliza.

Jumatano tukaja na vyungu vyetu. Watoto walipukuchua mahindi yale, wakayatwanga kwenye kinu cha gogo la mwaloni alichokichonga mume wa Corinne, wakipokezana mchi na kubishana nani anatwanga vizuri. Corinne akapika pudini ya unga ule kwa molasi, ile asali nyeusi ya miwa, na maziwa. Tabitha akakaa kiti cha mbele, kidevu juu. Tukala. Mimi niliongeza.

Kama saa tisa mchana mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Verna, bado na sare ya kazini, koti halijafungwa.

"Samahani kuwakatiza. Kuna mtu ameingia kwenye kibanda changu. Mmeona mtu yeyote huku?"

Kabla hajajibiwa, macho yake yalitua kwenye bakuli katikati ya meza. Corinne alikuwa amepanga magunzi humo kama pambo. Bi Verna akasogea, akachukua gunzi moja, akalizungusha polepole akihesabu mistari kwa kidole gumba. Ilikuwa minane, kama ya mahindi yake. Akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

"Yako wapi mengine?"

Tabitha akasema kwa sauti ya chini, "Tumeyala."

"Yote?"

"Yote, Bi Verna."

Corinne akacheka kile kicheko cha mtu anayetaka jambo liishe. "Jamani, watoto hawa. Bi Verna, pole sana. Kesho kutwa nakuletea gunia zima, safi, kutoka shambani."

"Shamba gani?"

"Lolote. Mahindi si mahindi?"

"Corinne, hiyo ilikuwa mbegu." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Shangazi yangu aliitoa kwa mama yake, na mama yake kwa wa kwake. Mimi nimeipanda miaka kumi na tisa. Mwaka huu jua limeunguza, rakuni wa msituni wakamaliza kilichobaki. Yalibaki kumi na manne. Sina kwingine. Hilo gunia lako utalinunua wapi?"

Corinne akageuka. Ningetaka kuwaambia kwamba aligeuka kuomba radhi. Alimgeukia mtoto.

"Tabitha, nimekufundisha kuiba mimi?"

"Hatukuiba. Tumeyapata. Ulisema kinachopatikana ni cha anayeshukuru."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema, mama. Kule kwenye mchanga."

"Sasa unaniongopea mbele ya watu? Mwizi na mwongo siku moja?"

Mtoto akatutazama mmoja mmoja. Wazazi saba wazima tulikuwa mezani, na wanne kati yetu tulikuwepo kilimani. Mmoja akaanza kukunja kitambaa chake cha meza. Mwingine akamfuta mtoto wake mdomo uliokwisha kufutwa. Macho ya Tabitha yakafika kwangu.

"Shangazi Merle, si ulikuwepo? Si alisema?"

Nilikuwa na kijiko mkononi, na kijiko kilikuwa na pudini. Kinyaa kilichonishika kilikuwa cha nafsi yangu.

"Alisema," nikajibu. "Nilimsikia. Nilijua si kweli, nikanyamaza. Corinne, mtoto amefanya ulichomfundisha. Kakifanya vizuri, hata magoti kapiga."

"Shoga, unanivunjia heshima nyumbani kwangu?"

"Heshima yako unamtwisha mtoto wa miaka tisa. Mshushie."

Akaniambia nitoke. Sikutoka. Maana Bi Verna alikuwa amekwisha kuinuka akaenda kwenye kinu, amechutama, anapitisha kidole kwenye ufa wa gogo. Alitoa punje moja nzima, nyekundu. Tabitha akaona, akashuka kwenye kiti chake cha mbele akaingia chini ya meza, na Ezra nyuma yake, kisha watoto wote, kisha mimi kwa magoti yangu mabovu. Tulitafuta kwenye nyufa za sakafu, kwenye mazulia, kwenye mikunjo ya kofia zile nyeusi, nje kwenye takataka za kuku. Corinne alibaki amesimama karibu na jiko, mikono kifuani, hadi giza lilipoanza kuingia.

Tulipata punje ishirini na tatu. Bi Verna akazifunga kwenye kitambaa. Alipofika mlangoni alimwambia Tabitha, "Wewe sina ugomvi na wewe." Corinne akampita tu.

Masika yaliyofuata zikaota tisa. Mwenye kulima mahindi anajua, mimea tisa haitoshi, mbegu inadhoofika. Bi Verna anahangaika hadi leo kuuliza kwa jamaa zake wa visiwani kama kuna aliyebaki na ya ukoo ule. Gunia la Corinne lilifika kweli, likakaa kizingitini mwa Bi Verna siku tatu, kisha likarudishwa lilivyo.

Pamoja na gunia ilikuja barua ya Tabitha, aliyosomewa na mama yake neno kwa neno akaandika. Barua hiyo Bi Verna hakuirudisha. Alinionyesha. Inasema: Nilichukua mahindi yako bila ruhusa. Ni kosa langu peke yangu. Nisamehe. Lakini maneno mawili, "peke yangu", yamekatwa kwa kalamu, na kwa nguvu hivi kwamba karatasi imetoboka.

Funzo

Wazazi, msimfundishe mtoto uongo mtamu mkadhani utabaki kwenye daftari. Anachokishika kwa mikono atakitenda kwa mikono, na atakitendea mtu aliye hai. Mtoto akiuliza kikapu kimefumwa na nani, mjibu palepale. Kama hujui, nenda kwa jirani aliyefuma ukamuulize. Shukrani isiyomtaja mwenye mali ni wizi uliopiga magoti. Na wewe uliyesimama pembeni na kikombe chako cha kahawa, unayeijua kweli ukaimeza ili usiharibu sherehe, usijihesabu msafi. Mahindi yale nami niliyala.