Wakala Asiye na Bima

Wakala wa bima alikata simu kwa hasira, chai ikamwagika mezani.

"Kampuni ya tatu hii!" alimwambia mumewe. "Kampuni tatu, bei tatu! Na bima ni ile ile!"

"Wewe unayeuza bima huelewi, sisi tutaelewa?"

"Usinichokoze, baba watoto."

Alikuwa na sababu ya kuchoka. Mwaka uliopita fundi seremala alimwomba bima ya karakana pamoja na mashine. Yeye akaandikisha jengo tu. Karakana ikaungua. Kampuni ililipa jengo, na fedha za mashine fundi akamdai yeye. Kosa lilikuwa lake, wala hakuwa na bima ya kumlinda akikosea kazini. Wakauza gari kumlipa. Mtaani watu wakacheka: kinyozi hajinyoi. Sasa alikuwa akiitafuta bima hiyo.

Jioni shangazi wa mumewe alikuja kuwatembelea. Aliwahi kufanya kazi ya kupanga bei za bima.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umenuna hivyo?"

Akamweleza yote.

"Uliwaambia nini hao watu?"

"Kwamba nataka bima ya dhima ya kitaaluma, ya kunilinda nikikosea kazini. Basi."

"Wakabahatisha! Fundi cherehani atakushonea bila kukupima?"

"Wanipime nini sasa?"

"Kazi yako. Kwa mwaka unapata kamisheni kiasi gani? Unauza bima za magari tu, au na za viwanda? Ukikosea bima ya kiwanda, hasara yake si mchezo. Mko wangapi ofisini? Umewahi kudaiwa? Kisha wewe useme wakulipie mpaka kiwango gani, na kila dai wewe utangulize kiasi gani kutoka mfukoni mwako. Ukitanguliza kikubwa, bei inashuka. Ila usijitwike usichokiweza."

"Na habari ya seremala? Si ninyamaze tu?"

"Thubutu! Ukificha, siku ya shida watakukana mchana kweupe."

"Bei itapanda!"

"Ipande. Au unataka bima rahisi isiyolipa?"

Wakala alisonya, lakini kesho yake alizipa kampuni zote maelezo yale yale. Bei zikakaribiana. Ile ya chini kabisa, alipouliza vizuri, isingelipia wakili wa kumtetea akidaiwa. Akachukua ya kati, huku akinung'unika.

Haukupita mwaka, maji ya mvua yakaingia katika duka la mteja wake mmoja.

"Hukuniambia mafuriko hayamo!" mwenye duka alifoka.

Kweli, hakumwambia. Safari hii hakubishana. Aliarifu kampuni yake siku ile ile. Wakaleta wakili, wakamlipa mwenye duka. Yeye alitoa sehemu yake ndogo tu, na hakuna kilichouzwa nyumbani.

Mwenye duka akarudi, anataka bima ya nyumba.

"Kwako hata ukikosea, mtu analipwa," alisema.

Wakala hakujua ashukuru au agombe. Akavuta kiti, akamsomea mkataba wote. Mwenye duka alipopiga miayo, akamwambia, "Amka, baba. Hapa ndipo penye mafuriko."