Kengele ya Taipureta

Kila jioni, baada ya kumwagilia bustani ya shule, Adelfina alinawa mikono mpaka viwikoni, akaenda ofisini kwa Mwalimu Eufrazia kujifunza kupiga taipureta. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, nzito kama mbuzi mwenye mimba, na ndani yake mlikuwa na kengele. Mstari ukikaribia kuisha, kengele inalia. Hapo mpigaji anatakiwa kusimama, ahesabu herufi za neno linalofuata, aone kama zitaenea. Zisipoenea, anashuka mstari wa chini.

"Kila herufi ina kiti chake," Mwalimu alipenda kusema, "na nafasi tupu nayo ina kiti."

Adelfina alikuwa na vidole vyepesi na shingo ngumu. Alimwambia rafiki yake Limi kwamba kuhesabu herufi ni kazi ya darasa la kwanza. Yeye anapima kwa jicho. Limi akamjibu kuwa jicho hilohilo ndilo lililopima chumvi kwenye maharage ya Jumapili.

Mwaka ule wa vita, kaka yake Desderius aliondoka na mgambo wa kwao Runazi, akavuka mpaka kwenda kupigana. Hakurudi. Hata mwili haukuja. Ilikuja habari tu. Padri akapanga misa ya kumwombea, na Mwalimu Eufrazia akatoa stensili ya mwisho iliyobaki shuleni, ile karatasi ya nta inayochapwa mara moja ikatoa nakala nyingi, maana siku hizo hata sabuni ilionekana ndotoni. Adelfina akaomba achape yeye sala ya kaka yake.

Alichapa mbio, machozi yakimtoka. Kengele ikalia. Hakusimama. Mashine ikagota mwisho wa mstari, naye akaendelea kugonga, herufi za mwisho za jina la kaka yake zikarundikana mahali pamoja, stensili ikatoboka. Aliliona tundu. Akajisemea ni dogo, nani atalitazama?

Kanisani karatasi zikagawiwa. Mama yake, Felisita, alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima, akaacha wakati wa mavuno. Neno alilolijua kwa hakika ni jina la mwanawe huyo. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, akarudi juu, akaanza tena. Kila kilipofika kwenye jina, kidole kilikuta doa jeusi la wino uliovuja kwenye tundu ukalifunika, kikapita.

"Adelfina," alinong'ona, "mbona Desderius hayumo? Nimemtafuta, simwoni."

Adelfina akainamia karatasi yake. Misa ikaisha hajaimba hata neno moja.

Jioni alimweleza Mwalimu yote: kengele aliisikia, tundu aliliona, akanyamaza. Alitegemea fimbo. Mwalimu akasema stensili haipo tena, lakini karatasi moja haikosekani. Akampa, kisha akakaa pembeni kusuka kikapu chake. Adelfina akachapa polepole. Kengele ilipolia akasimama, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akashuka chini. Jina likakaa zima.

Mama aliipokea karatasi mlangoni. Kidole kikatembea, kikasimama.

"Huyu hapa," akasema.

Adelfina akaungama kosa lake, akaomba msamaha. Mama hakukiondoa kidole kwenye jina.

"Kaka yako nilikuwa nikimwita yuko bondeni kwenye mihogo, anaitika kabla sijamaliza jina lake. Na wewe mwanangu, ukiitwa, itika. Hata kama anayekuita ni mashine."