Kidonge cha Edgar

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Apolonia alimkorogea mdogo wake Edgar uji na kumpa kidonge cha kifafa. Mama aliwahi sokoni Tegeta kuuza mboga, hivyo kazi hiyo ilikuwa yake.

Wiki ile kanisa lao la Madale lilikuwa kwenye mfungo. Jirani yao, mama Gaspar, alimnong'oneza Apolonia kwamba Edgar ana pepo, na pepo hatoki kwa mtu anayemeza vidonge wakati wa mfungo. Maskini mtoto wa watu, akaamini! Akaficha dawa chini ya godoro. Mama alipouliza jioni, akajibu, "Nimempa."

Jumamosi jioni, mama akiwa amesharudi kutoka sokoni, Edgar alianguka uani. Alitetemeka mwili mzima, akatulia kidogo, akaanza tena bila kuzinduka.

"Pepo limepanda! Mshikeni!" mama Gaspar akapiga kelele.

Apolonia alilia mpaka sauti ikakauka. Ndugu yake alikuwa anakufa, naye aliijua sababu. Mama alikimbia kanisani, akarudi na Mchungaji Lusungu.

"Baba mchungaji, likemee!" mama akamsihi.

"Nitaomba, mama Apolonia, lakini tutaomba tukiwa njiani kwenda hospitali. Mwachieni, mlazeni ubavu. Iteni bajaji! Dawa amemeza lini?"

"Leo asubuhi. Si ndiyo, Apolonia?"

Apolonia alimtazama Edgar, midomo imebadilika rangi. Angenyamaza, nani angejua?

"Hapana, mama. Sijampa tangu mfungo uanze. Nilitaka pepo atoke."

Mama alishika kichwa. Mchungaji alimbeba Edgar mpaka kwenye bajaji.

Hospitalini, daktari alipoelezwa kuhusu dawa, alijua pa kuanzia. Nje, kwenye benchi, Apolonia aliuliza kwa kwikwi, "Baba mchungaji, pepo wanatoka wapi?"

"Sisi Wakristo tunaamini walikuwa malaika, walioumbwa wema. Wakajaa kiburi, wakamwasi Mungu, wakatupwa. Ni viumbe tu, hawalingani na Mungu hata kidogo. Silaha yao kubwa ni uongo."

"Kwa hiyo aliye na pepo ni mimi?"

"Hapana, mwanangu. Wewe uliogopa. Na Edgar ana ugonjwa, na ugonjwa una dawa. Tunasali na tunameza. Ila uongo wako ulikaribia kumuua, na ukweli wako ndio umemsaidia daktari."

Mlango ukafunguliwa. Edgar alikuwa amefumbua macho.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "uji wangu uko wapi?"

Mama alimvuta Apolonia kifuani, wote wakalia.

"Utamkorogea wewe," mama akasema. "Lakini siku nyingine ukiogopa, niambie mimi kwanza."