Magurudumu ya Nyamusi

Siku ya soko mjini Kericho watu walikuwa wamejaa kama siafu. Nyamusi aliinamia rundo la vitu vya mitumba akitafuta magurudumu ya kubadilisha kwenye skates zake, viatu vyake vya kutelezea. Alipoyashika ya kijani, mkono mwingine nao ukayashika.

"Hizi ni laini," sauti ikasema. "Ni za barabara mbaya. Wewe unateleza wapi?"

"Kabianga, karibu na chuo. Na sijakuuliza."

Kijana akacheka. Alivaa jinzi iliyochanika gotini, na kwapani alibana ubao wa magurudumu uliojaa michubuko. Alimtazama Nyamusi: gauni la manjano, soksi ndefu, macho yasiyotaka mchezo.

"Basi chukua, mrembo. Barabara ya Kabianga nimeionja na meno yangu."

Nyamusi alicheka kabla hajajizuia. Hivyo ndivyo alivyomjua Gachanja, ambaye mamake, Nyathira, aliuza vitambaa Chepseon.

Kila Jumamosi walikutana kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ukumbi mkuukuu. Gachanja aliruka ngazi na ubao wake, akaupindua hewani, akatua juu yake kama paka. Nyamusi alimzunguka akienda kinyumenyume, akimtania.

"Gacha, siku moja utatua na pua."

"Utanipenda bila pua?"

"Nitafikiria."

Wiki ya maonyesho ya vijana, ambapo Nyamusi angeteleza mbele ya watu, ilipofika, Gachanja alimpigia simu. "Babe, toa hizo laini, weka ngumu. Kwa saruji utazunguka kama pia."

"Na mvua ikinyesha?"

"Haitanyesha."

Mtu wa Kericho, ambako mvua hunyesha karibu kila siku, kusema hivyo! Nyamusi alijua, lakini alimwamini. Siku ya maonyesho alikuwa katikati ya mzunguko, watu wakipiga makofi, matone yalipoanza. Saruji ililowa, magurudumu magumu yakakosa mahali pa kushika, akaanguka na mkono ukavunjika.

Gachanja alimbeba hadi kwenye gari, akakaa naye hospitalini mpaka mamake Nyamusi, Janefer, alipofika mbio kutoka shamba la chai, buti zikiwa bado na matope. Nyamusi alipogeuza kichwa, Gachanja hakuwepo.

Alimpigia. Mteja hapatikani. Akampigia tena kesho yake na keshokutwa yake. Mteja. Alilala na mkono wenye plasta kifuani akiwaza kwamba alipendwa alipokuwa akizunguka tu, na kwamba aliyelala kitandani hakuwa na mtu. Wazo hilo lilimuuma kuliko mfupa.

Plasta ilipotolewa, alivaa gauni lake zuri, akaenda Chepseon. Alimkuta Gachanja dukani akikunja vitambaa, amekonda. Nyathira alimtazama msichana, akamtazama mwanawe, akapita nyuma ya pazia.

"Mkono unaendelea aje?" Gachanja aliuliza akitazama sakafu.

"Umepona. Sikuja kwa sababu ya mkono. Ulienda wapi?"

"Niliona vile mamako aliniangalia. Mimi ndio nilikuambia uweke ngumu, Nyamusi. Hata mimi singejisamehe."

"Mama hakujua habari ya magurudumu. Aliniuliza, 'Kijana aliyekubeba ako wapi?' Kesho yake alikuletea chai na ndizi za kuchemsha. Zikapoa."

Gachanja aliketi juu ya furushi, akafunika uso.

"Kuanguka nimezoea," Nyamusi akasema polepole. "Niambie tu kitu kimoja. Ukinikosea tena, utakimbia tena?"

Gachanja aliondoa mikono usoni, akamtazama.

"Nitaogopa," akasema. "Lakini nitabaki. Hata kama ni kutukanwa, nitukanwe nikiwa hapo."

Alimshika mkono uliopona, kwa woga, kama anayeomba ruhusa. Nyamusi hakuuondoa.

"Mama!" Gachanja akaita. "Kesho sifungui duka. Naenda kuwasalimia wazazi wa Nyamusi, niwaambie ukweli, halafu niwaombe ruhusa ya kumwoa."

Pazia lilitikisika. "Nilikuwa nangoja useme," Nyathira akajibu, na tayari walimsikia akichukua makasi akate kitambaa cha zawadi. "Mama Nyamusi anapenda rangi gani?"